Jibu: kamera za duka Kibuye hazionekani ukiwa nje, ingawa kanuni ya NAT ipo

Ndugu uliyeuliza, umesema duka lako la vifaa vya ujenzi liko Kibuye, Kisumu, ruta ni MikroTik, na umeweka kanuni ya NAT (kubadilisha anwani za mtandao) aina ya dst-nat, inayopeleka maombi ya poti 8000 kwa mashine ya kurekodi kamera, 192.168.88.10. Ukifika nyumbani Bungoma huoni kitu. Mimi hufunga mitandao ya maduka na zahanati kati ya Kisumu na Kakamega, na wengi wenye shida hii huanza kwa kuchokora kanuni. Iache kwanza.

Angalia anwani ambayo ruta imepewa upande wa intaneti, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutambua IP. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kwa kawaida uko nyuma ya NAT ya kampuni yako ya intaneti. Fungu hilo, 100.64.0.0/10, lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, kwa kuwa anwani za IPv4 zilikuwa zinakwisha. Ni kama ploti ya wapangaji wengi yenye geti moja: umefungua mlango wa chumba chako, lakini ufunguo wa geti anao mwenye ploti. Kanuni yako haitasaidia hata ukiiandika upya mara mia. Mteja mmoja wa Luanda alishauziwa ruta mpya kabla ya mtu yeyote kutazama namba hiyo, na pesa zile ziliniuma kama zangu. Omba anwani ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, ambayo mara nyingi hulipiwa zaidi, au ruka hadi aya ya mwisho.

Ikiwa anwani ni ya umma, zima Wi-Fi kwenye simu, tumia bando, ujaribu huku ukitazama kihesabio cha kanuni, yaani hesabu ya paketi (vipande vya data) ilizozipata. Kisiposogea, ama paketi hazifiki, ama kanuni nyingine iliyo juu imezinyakua, maana husomwa kutoka juu kwenda chini. Kikisogea na bado kimya, kagua mashine ya kamera: mara nyingi lango la mtandao (gateway) lililoandikwa humo ni la ruta ya zamani, basi jibu halina njia ya kurudi. Kagua pia kanuni za kuchuja. Anwani hubadilishwa kabla paketi haijafika kwenye forward, hatua ya kuchuja trafiki inayopita ndani ya ruta, kwa hiyo pale unaruhusu 192.168.88.10, si anwani ya umma. Na kila ukibadilisha kanuni, futa miunganisho ya zamani. NAT huamuliwa kwa paketi ya kwanza tu, zinazofuata hutii uamuzi uleule.

Kuna lingine litakalokusumbua baadaye: nje kamera zinafunguka, ukiwa dukani kwa anwani ileile ya umma zinagoma. Ruta hupeleka ombi la simu kwa mashine, lakini mashine huona simu iko mtandao mmoja nayo na kuijibu moja kwa moja. Simu haikuongea na 192.168.88.10, hivyo hulitupa jibu hilo. Dawa ni kanuni ya masquerade, inayofanya ombi lionekane limetoka kwa ruta yenyewe, kwa trafiki inayotoka 192.168.88.0/24 kwenda 192.168.88.10, na ile ya dst-nat ilinganishe anwani ya umma badala ya kiolesura cha nje.

Lakini nakusihi, usiiache poti hiyo wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi kwa kujaribu nywila za kiwandani. RouterOS 7, mfumo endeshi wa MikroTik, ina WireGuard, aina ya VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wako). Iweke, ingia dukani kwa njia hiyo, kisha ufute dst-nat kabisa. Ukiwa nyuma ya NAT ya kampuni, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, ruta iipigie yenyewe, na uweke keepalive (ujumbe mdogo wa kuiweka njia hai) ya kila sekunde 25 ili njia isisahaulike. Ukikwama, tuma picha ya kanuni zako hapa, ila funika anwani ya umma.