Golemu kanyonya moto wangu, ni haki kweli?

*Anko shikamoo. Tuko watano, kila jumamosi jioni tunacheza Dungeons & Dragons barazani kwa rafiki yetu Segerea, ule mchezo wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, tunatumia vitabu vya kanuni vya 2014. Juzi tumepambana na golemu wa chuma, yani sanamu iliyopewa uhai kwa uchawi, kwa tabu sana tukampunguza pointi 40 za uhai, mi mchawi nikamrushia mpira wa moto, dadu zangu nane zikatoa 31 nikaruka kwa furaha. Mwendeshaji, yule anayesimulia hadithi na kuchezesha maadui, akasema haungui, na zile 31 akamrudishia! Hivi mwenye kinga ya uchawi ndo hagusiki kabisa? Na kwanini hatukuambiwa?*
– Mchawi wa Segerea

Marahaba mwanangu. Najua inavyouma, lakini mwendeshaji wenu kafuata kitabu. Golemu wa chuma kwenye toleo hilo moto haumuunguzi, tena anaunyonya, kiasi ulichomchoma ndo kiasi anachopona. Wa nyama yeye anapona kwa umeme ila moto anauogopa, wa udongo anapona kwa asidi. Kwahiyo hao ndugu watatu usiwaendee kwa silaha moja.

Sasa hapo kwenye "kinga ya uchawi" ndo mnapochanganya wengi. Ifikirie kama zindiko. Mtu akizindikwa nyoka wasimuume, siku akigongwa na bodaboda anavunjika mguu kama mimi na wewe, maana zindiko lina kitu chake na lina mwiko wake. Kwenye mchezo ni hivyo hivyo, ukisikia kiumbe ana kinga uliza kwanza kinga ya nini. Kinga kamili inafanya madhara ya aina hiyo yawe sifuri. Ustahimilivu unakata nusu, yani moto wa 27 unabaki 13, ile nusu pointi inayobaki inatupwa, na hata ukiwa na ustahimilivu wa moto mara mbili, wa pete na wa ukoo, bado inahesabika moja, haiwi robo. Alafu kuna ule upinzani wa uchawi ambao huyo golemu anao pia, huo sio kinga hata kidogo, ni kwamba akitakiwa kujiokoa na uchawi anarusha dadu ya pande 20 mara mbili anachukua kubwa. Anaweza kushindwa zote mbili.

Anayekaribia kutogusika kweli ni rakshasa, pepo mmoja wa kwenye mchezo huo, uchawi wa ngazi ya 6 kushuka chini haumpati mpaka atake mwenyewe. Na yeye ana mwiko, silaha ya uchawi inayochoma, kama mkuki au mshale, ikishikwa na mtu mwema inamuumiza mara mbili.

Mwiko wa golemu wako je? Hapa ndo napapenda. Soma kinga yake ya silaha polepole: inazuia kupondwa, kudungwa na kukatwa na *mashambulizi* yasiyo ya uchawi wala ya silaha za adamantini, yale madini magumu ya hadithini. Kuanguka sio shambulizi! Kila futi 10 anazoanguka ni dadu moja ya pande sita, mpaka dadu 20. Kwahiyo mchawi mzima badala ya kumlenga kifuani unalenga daraja alilosimama juu yake, likikatika linamaliza kazi ambayo moto umeshindwa. Hata mbwamwitu-mtu anayecheka mapanga yenu anaumia hivyo hivyo akidondoka mnarani. (Kitabu cha viumbe cha 2025 kimeondoa hizo kinga za silaha za kawaida, kwahiyo mkibadilisha vitabu mkumbushane kabla ya kukaa mkekani.)

La kuambiwa, hapo niko upande wako nusu. Kusomewa karatasi ya kiumbe sio haki yako, ila dalili ni haki yako. Mwendeshaji angesema tu golemu kasimama ndani ya tanuru linalowaka na nyufa zake zinazibika taratibu, ungejua mwenyewe. Muombe hilo kwa upole mkiwa wawili, msibishane mbele ya wenzenu.

*Anko, kwenye Dungeons & Dragons mhusika wangu ni elf, wale watu wa hadithini wenye masikio yaliyochongoka, na kitabu kinasema ma-elf hawalazwi usingizi. Kanyweshwa divai yenye sumu karamuni, mwendeshaji anasema kazimia. Sikubali.*
– Dada wa Mbagala

Kubali dada yangu. Kitabu kinasema *uchawi* hauwezi kumlaza. Sumu ya chupani sio uchawi, ni dawa tu, imeingia tumboni. Ulichobaki nacho ni kurusha dadu ya kujiokoa kwa nguvu ya mwili wake, na kama mwendeshaji hakukupa nafasi ya kurusha, hiyo ndo ya kudai, maana ungerusha ukafaulu huenda asingezimia hata dakika moja. Ukirusha ukashindwa, wenzio wambebe.