Fidia ya kaka yako kukataliwa: usianzie CMA

Hapana dada, kama kaka yako ameumia kazini na WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) wamemkatalia fidia, anayekwambia upeleke shauri lake CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) anachanganya. Kule ni kwa migogoro kama ya kufukuzwa kazi. Uamuzi wa WCF una njia yake kwenye Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008: kwanza unamwomba Mkurugenzi Mkuu wa mfuko huo aupitie upya, asipobadilisha unakata rufaa kwa Waziri wa kazi (wizara iko hapo Mtumba, bora ninyi wa Dodoma), mwisho Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Nilizunguka na jirani yangu aliyeangukiwa na mbao saiti huko Ihumwa, ndiyo maana najua. Kilichomsaidia hakikuwa wakili. Barua ya kukataliwa ilisema hakuna uthibitisho kwamba aliumia akiwa kazini, basi akatafuta daftari la mahudhurio, maelezo ya wenzake wawili na karatasi ya daktari ya siku ileile. Jibuni sababu iliyoandikwa, msilalamike jumlajumla, na kila mnachopeleka kigongewe muhuri wa kupokelewa.

Ila kama sababu ni kwamba madai yalipelekwa baada ya miezi 12 tangu ajali, hapo kazi ni ngumu zaidi.