Usikubali gesi mpya juu ya oili ya zamani

Mkuu, funga boneti kwanza. Eti fundi kakuambia kuhusu AC ya Corolla yako ya 1990 "tunatoa R12, tunasukuma 134a, dakika ishirini umeondoka na baridi yako", yaani gesi ya zamani itoke, mpya iingie, halafu unauliza bei, kama baridi itapungua, na kama lazima kondensa, ile rejeta ya AC, ibadilishwe. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Tanga, pale Ngamiani, na fundi mwenye ovaroli safi kuliko kanzu yangu ya Idi. Hapo tu ningeshtuka. Fundi wa AC asiye na doa la oili, hiyo oili huwa anaigusa saa ngapi?

Sikiliza. Mfumo wa R12 unatumia oili ya madini. Inayeyuka ndani ya R12, inazunguka nayo na kurudi kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, kuilainisha. 134a haichanganyiki nayo kabisa. Ukisukuma gesi mpya, oili inatuama huko kwenye mabomba na kompresa inasagana kavu. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa na baridi ya Lushoto, vioo juu, napita Raskazone mwendo wa mkurugenzi. Wiki ya tatu natoka Muheza, nikasikia kama mtu anasaga kokoto mbele. Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo, redio, chekeni tu. Kufika Pongwe kompresa imekamata, mkanda unatoa moshi, na mama mmoja muuza machungwa ananiuliza kama naunguza mpira kwa makusudi.

Hasara haikuishia kwenye kompresa. Chenga za chuma zilisambaa mpaka kwenye kondensa na valvu, vyote nikanunua upya, laki sita na ushee. Nikarudi kwa yule bwana, akanijibu bila haya: "Bosi, ulikuwa unaiwasha sana." Tanga, Februari, nisiiwashe sana! Nimenunua AC ya kutazama?

Kwa hiyo oili kwanza, gesi baadaye. Kompresa ishushwe, imwagwe, mabomba yasafishwe, halafu itiwe oili ya esta, maana hiyo huvumilia masalia ya ile ya zamani. Kuna oili nyingine, PAG, ni nzuri kwa 134a, lakini haipatani na klorini iliyoachwa na R12. Ile chupa ya kukaushia unyevu ibadilishwe, na oringi pia. Hewa inyonywe kwa pampu nusu saa au zaidi, si kupulizia gesi kidogo na kusema "imetoka". Gesi ipimwe kwa mizani, kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 ya mwanzo. Fundi anayepima kwa kushika bomba na kufumba macho ni mganga huyo.

Kondensa yako kama nzima, iache, ioshe tu.

Akikataa kumwaga oili, chukua ufunguo uondoke. Ukipita Chumbageni nitakuonyesha ile kompresa yangu. Siku hizi inazuia mlango wa banda la kuku, na hiyo kazi inaiweza.