Pweza si samaki, ndugu yangu

Dada, umeuliza kama pweza ni samaki, kwa kuwa sokoni anawekwa meza moja na changu na dagaa. Mwanao amejibu sawa: si samaki. Samaki ana uti wa mgongo. Pweza hana hata mfupa mmoja.

Ukirudi na pweza leo kabla hajaingia chunguni, mpindue utazame katikati ya mikono yake minane. Utakuta mdomo mgumu, mweusi, umepinda kama wa kasuku. Hicho ndicho kitu kigumu mwilini mwake. Ana mioyo 3, na damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu.

Yeye ni moluska, ukoo mmoja na chaza, kombe na konokono. Najua inashangaza! Lakini mtazame dome, nduguye wa karibu: lile ganda lake jeupe la ndani, tunaloliokota ufukweni, ni alama ya ukoo huo wenye magamba. Pweza wa miamba yetu wanayemtafuta kina mama maji yakipwa, kitaalamu ni Octopus cyanea: neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la jamaa wa karibu, la pili spishi, yaani aina yenyewe. Mtindo huo wa majina mawili kwa wanyama tunauhesabu tangu kitabu cha Linnaeus, Msweden, cha 1758.

Mwambie pia mwanao asidanganywe na majina: kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, si jamaa wa pweza hata kidogo, ni jamaa wa jongoo bahari.