Kura zikilingana kwenye kikundi, nani anaamua?

Dada, umeuliza hivi: kikundi chenu cha wauza dagaa pale Mwaloni Kirumba kimepigia kura hoja ya kupandisha hisa ya wiki kutoka 5,000 hadi 10,000. Zikatoka 14 kwa 14, na mwenyekiti, ambaye kura yake imo humo humo, anasema yeye ndiye wa kuamua.

Hoja imeanguka, hisa inabaki 5,000. Anayetaka mabadiliko ndiye mwenye kazi ya kupata wingi wa kura, na 14 kati ya 28 si wingi. Wenzetu wa Kenya wameliandika wazi kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 122: kura zikilingana bungeni hoja imeshindwa, na Spika hana kura. Kanuni za mikutano za Henry Robert, zilizotoka mara ya kwanza 1876 na kutumiwa na vyama vingi Marekani, nazo zinasema kura zikilingana hoja haikupita.

Hiyo kura ya pili anayoitaka mwenyekiti ndiyo kura ya turufu, na haiji na cheo. Fungueni katiba mliyosajili nayo halmashauri. Kama kifungu hakimo, hana, hata apige meza.

Na kama kimo? Nilikuwa katibu wa kikundi cha wakaushaji dagaa upande wa Ilemela, na sisi tulikuwa nacho. Ililetwa hoja ya kutoa akiba tujenge vichanja vipya vya waya. Nikamwaga karatasi kutoka kwenye ndoo juu ya turubai, mjumbe mmoja wa kila upande amechuchumaa pembeni anaangalia vidole vyangu. 11 kwa 11. Tukarudia kuhesabu, vile vile. Mwenyekiti wetu alivitaka vile vichanja kuliko mtu yeyote, na wote tulijua. Akasimama akasema, "Nusu yenu hamjaridhika. Kura yangu ni hapana. Mkutano ujao njooni na bei ya fundi." Waliomtegemea walinuna. Lakini bei ililetwa, watu wakaiona, hoja ikapita bila ubishi, na waliokuwa wameikataa walikuja kuchimbia nguzo pamoja na wengine. Mama yule ninamheshimu mpaka leo.

Maspika wa Uingereza wana desturi hiyo hiyo tangu enzi za Spika Denison, 1867: Spika hapitishi jambo ambalo wingi haukulipitisha, na penye nafasi ya kuendelea kujadili anaiacha wazi. Marekani ni tofauti. Makamu wa Rais hupiga kura kwenye Seneti zikilingana tu, na anapiga atakavyo. Kamala Harris alifanya hivyo mara 33. Ila yeye alichaguliwa kwa tiketi ya chama. Mwenyekiti wenu Jumamosi ataketi na pande zote mbili.

Uchaguzi wa viongozi ni habari nyingine, maana kiti hakiwezi kubaki wazi. Rudieni kura kwa hao wawili waliolingana, zikigoma tena pigeni bahati nasibu mbele ya wote. Si aibu: Januari 2018 kule Virginia, jimbo la Marekani, wagombea wa bunge la jimbo David Yancey na Shelly Simonds walikuwa wamefungana kwa kura 11,608 kila mmoja, jina la Yancey likachomolewa kwenye bakuli naye akapata kiti.

Angalieni pia katiba inasema wingi wa nani. Ikisema wingi wa "waliopiga kura", waliojizuia hawahesabiki. Ikisema "waliohudhuria", kila aliyejizuia ni kama amekataa.

Hoja ya hisa irudisheni mkutano ujao, mkitaka kwa kiwango cha katikati, tuseme 7,000. Kifungu cha kura kulingana kipelekeni siku tofauti kabisa, ambayo hakuna anayejua kitamnufaisha nani.