Mbona joto la Mtwara halipoi hata usiku?

SWALI: Dada shikamoo. Mi nimehamia Mtwara mjini toka Songea mwezi wa kumi na moja, kikazi. Yaani silali, jasho usiku kucha na feni inazunguka. Simu inasema mchana ni digrii 31 tu, mdogo wangu yuko Masasi anapata 34 na usiku anajifunika shuka! Nguo nikianika jioni asubuhi bado mbichi, na mwanangu wa miezi 7 katoka vipele shingo nzima. Ni miili yetu ina shida au? Itaisha lini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana na karibuni kusini. Miili yenu haina shida, ni bahari hiyo. Maji yanahitaji joto karibu mara 5 ya mchanga mkavu ndo yapande digrii moja, kwa hiyo yanachelewa kupata moto na yakishapata yanachelewa kuachia. Mchana yanakusaidia, ndo maana Masasi wanakuzidi digrii, lakini usiku wenzako kule bara ardhi inapoa haraka na huku bahari bado ina joto lake, na hewa imejaa unyevu. Sasa jasho linapoza mwili pale linapokauka, na kwenye hewa iliyoshiba maji halikauki, linachuruzika tu, ni jambo lilelile linalofanya nguo zako zilale mbichi. Anika asubuhi upepo wa baharini ukianza kuingia, jioni umechelewa.

Halafu umekuja msimu mbaya wenyewe. Huo ndo wakati wa kaskazi, upepo mwepesi, jua la utosi, na mvua zetu ni msimu mmoja tu, kama Novemba au Desemba mpaka Aprili, hatuna vuli na masika kama Dar. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likishika mwezi wa tano utaona tofauti, na mwezi wa sita wa saba mikorosho ikitoa maua utatafuta shuka mwenyewe, niamini.

Nyumba nayo iangalie, hili linaniuma kwa sababu siku hizi watu wanajenga vyumba vya dirisha moja dogo na bati bila dari, bati linachemka mchana kutwa na usiku tofali zinakurudishia. Kama una madirisha pande 2 yafungue yote upepo upite, weka nyavu za mbu, kitanda kisogeze kwenye njia ya upepo.

Mtoto hiyo inaelekea ni harara. Muogeshe maji ya kawaida, mkaushe vizuri kwenye mikunjo ya shingo, mvalishe pamba nyepesi na usimpake mafuta mazito, yanaziba. Ila ukiona usaha au homa usisubiri mpaka kesho, mpeleke kituo cha afya.