Jicho la picha: kuona kile ambacho lenzi itakinasa

Umeuliza kama jicho zuri la mpiga picha ni kipaji cha kuzaliwa, na kama kamera ya bei kubwa inaweza kuziba pengo lake. Kipaji kipo, sikatai, lakini kwa muda wote niliopiga picha za watu nimeona kwamba sehemu kubwa ya hilo tunaloliita jicho ni mazoea ya kuona kile ambacho lenzi itakinasa, badala ya kile ambacho akili imeshaamua kukitazama. Unapozungumza na mtu, akili huufuata uso wake na kuupuuza mlingoti ulio nyuma yake. Kamera haina hisani hiyo, kwa kuwa hubana vya mbele na vya nyuma kwenye bapa moja, na mlingoti ule huonekana umemwota kichwani.

Ndiyo maana mtu ninayempiga picha mimi humtazama mwisho. Kwanza hupitisha macho kwenye kingo zote za fremu, nikitafuta mkono uliokatwa kwenye kiwiko au kipande cheupe kitakachovuta macho pembeni, kisha hukagua mandhari ya nyuma, ndipo nitazame mwanga unaangukia upande gani wa pua. Mara nyingi hatua moja ya kando hutosha kuuondoa mlingoti. Na akigeuka kidogo kuelekea dirishani, kivuli kilichofunika macho hutoweka na nukta ya mwanga hutokea kwenye mboni, nayo ndiyo huufanya uso uonekane hai. Hayo yote hayadai lenzi ghali, ingawa penye giza kamera nzuri itakusaidia kweli.

Lipo pia jicho la kuchagua, ambalo wengi hulisahau. Garry Winogrand, Mmarekani aliyesifika kwa picha za mitaani, alikuwa na desturi ya kuacha filamu zikae muda mrefu kabla ya kuzisafisha, yaani kuzitia dawa ili picha zionekane, ili msisimko wa siku ya kupiga usimpotoshe katika kuchagua. Alipofariki mwaka 1984 aliacha zaidi ya roli 2,000 za filamu ambazo hazijasafishwa. Si lazima ufike huko. Usifute picha papo hapo kwenye kioo cha kamera. Ziache siku kadhaa, kisha zitazame zikiwa ndogo kama ukucha. Ile ambayo bado inaeleweka katika udogo huo ndiyo ya kuanza nayo.